Mdogo wangu kiziwi sasa haoni usiku, na mama amekataza asiambiwe

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Tanga. Nina miaka 24, ni wa kwanza kuzaliwa katika watoto watano. Wawili kati yetu ni viziwi tangu kuzaliwa: mdogo wangu wa kiume mwenye miaka 17, na kitinda mimba wetu wa kike mwenye miaka 6. Sisi wengine watatu tunasikia vizuri. Lugha ya alama naijua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nampeleka mdogo wangu shule ya viziwi na kumfuata wakati wa likizo, nikajifunza kwake na kwa wenzake. Baba anajua alama za njoo, kula na lala. Mama anajua zaidi kidogo. Mengine yote yanapitia kwangu.

Tatizo lilianza kuonekana kama miaka mitatu iliyopita, au labda lilikuwepo tangu zamani na hatukulitilia maanani. Jua likizama mdogo wangu anakuwa mtu mwingine. Anatembea huku mkono umegusa ukuta. Anaikumba ndoo ya maji ambayo inakaa palepale siku zote. Zamani alikuwa akifuatana na baba msikitini kwa Magharibi na Isha, siku hizi ikifika saa hiyo anajifanya amelala. Umeme ukikatika anabaki alipo mpaka urudi. Lakini mchana, Shangazi, ni mzima kabisa. Anasoma ujumbe kwenye simu, anamtungia mama uzi kwenye sindano, na ndiyo maana watu wanasema anajifanyisha. Ukimpa mkono kutoka ubavuni hauoni, na wazee wa mtaani wameshalalamika kuwa ana dharau. Shuleni aliadhibiwa kwa kumpita mwalimu bila kumwamkia, na huyo mwalimu alikuwa amesimama pembeni yake.

Baba alimpeleka kwa mganga, akaambiwa ni jini la baharini. Akapewa dawa ya kudondoshea machoni, macho yakawa mekundu wiki nzima. Mama naye alimpeleka hospitali fulani, akapewa miwani na vidonge vya vitamini. Mwezi uliopita ikaja kambi ya macho. Daktari alimwangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza maswali ambayo hatukuyategemea: je, baba na mama ni ndugu? Mtoto alianza kutembea lini? Mama akasema alichelewa sana, alikaribia miaka miwili, na kitinda mimba vivyo hivyo. Daktari akasema anahisi ni ugonjwa wa kurithi unaoitwa Usher, ambao uziwi na upofu huenda pamoja, na kwamba aende hospitali kubwa akapimwe.

Njiani mama alilia, akaniapisha nisimwambie. Alisema, "Mtoto ameshanyimwa masikio, usimnyang'anye na raha ya macho kabla ya wakati wake." Usiku ule mdogo wangu akaniuliza daktari amesema nini. Nikamjibu amesema uvae miwani. Tangu siku hiyo nashindwa kumtazama usoni.

Baba hakuambiwa yote. Ameshatoa malipo ya awali ya pikipiki ili kijana akimaliza shule afanye kazi ya kubeba mizigo sokoni. Mdogo wangu ana furaha sana na hiyo pikipiki.

La mwisho linanihusu mimi. Nimeposwa na mtoto wa ami yangu, na nampenda. Mama yake si wa ukoo wetu, ni mtu wa Korogwe. Lakini baba na mama yangu nao ni ndugu: mama ni binti wa shangazi yake baba. Ndugu wa baba wanasema ugonjwa huu umetoka upande wa baba yake mama, wakati mimi najua kuwa mdogo wake babu mzaa baba alikuwa kiziwi na alikufa haoni. Je, nikiolewa na mtoto wa ami nitazaa watoto wa namna hiyo? Na je, nivunje kiapo cha mama?

Dada Mkalimani, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na pikipiki kwa sababu hiyo haingoji vipimo. Mwambie baba arudi kwa muuzaji aombe fedha zake, na zisiporudi zote, basi zipotee. Kiziwi mwenye macho kamili anaweza kuendesha vizuri tu. Kijana wenu haoni ubavuni, na giza likiingia haoni mbele. Mtoto akichomoka kando ya barabara hatamwona, wala hatasikia watu wakipiga kelele. Na baba aelezwe sababu yenyewe, yote, na mama, kabla hajapanga jambo lingine kwa nia njema.

Sasa huo ugonjwa. Mimi si daktari, na jina la uhakika litatoka hospitali, lakini daktari wa kambi hakukurupuka. Uziwi wa kuzaliwa nao, kuchelewa kutembea, kutoona usiku, kupoteza pembeni huku katikati pakiwa safi, wazazi walio ndugu, na mzee wa ukoo aliyepita njia hiyohiyo: hayo yakikusanyika mahali pamoja, mganga wa macho aliyesoma lazima aufikirie Usher. Ugonjwa umebeba jina la Charles Usher, daktari wa macho wa Uingereza aliyeandika mwaka 1914 akionyesha kuwa unarithiwa. Wajerumani walikuwa wameshauona kabla yake. Albrecht von Graefe aliueleza mwaka 1858, na muda mfupi baadaye mwanafunzi wake Richard Liebreich akawapima macho viziwi wa Berlin, akakuta wenye shida hii wengi wametoka katika ndoa za ndugu. Mpelekee baba habari hiyo. Jini la bahari ya Tanga lilikuwa na shughuli gani Berlin?

Swali la kutembea lilikuwa na maana yake. Sikio la ndani halisikii tu, ndilo pia linaloupa mwili mizani ya kusimama. Katika aina ya kwanza ya Usher mtoto huzaliwa kiziwi kabisa na mizani hiyo haifanyi kazi, kwa hiyo huchelewa kukaa, na kutembea humjia baada ya mwezi wa 18 au zaidi. Dalili za macho huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 10. Aina ya pili husikia kiasi, hutembea kwa wakati, na macho huanza kusumbua ujanani. Ipo na ya tatu, ya watu wanaozaliwa wanasikia kisha masikio na macho yakapungua polepole, lakini hiyo ni adimu sehemu nyingi za dunia. Kwa ulivyoeleza, yenu inafanana na ya kwanza.

Ndani ya jicho, nyuma kabisa, kuna retina. Ina seli za kuonea gizani na pembeni, na seli nyingine, zilizojaa zaidi katikati, za mwanga mkali, rangi na maandishi. Katika ugonjwa huu zile za giza hufa kwanza. Kwa hiyo kijana anayetunga uzi saa nane mchana na kuikumba ndoo saa moja jioni hajifanyishi hata kidogo. Anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: anachokilenga anakiona wazi, na kilicho kando, hata kiwe mkono wa mzee wa mtaa, hakipo. Wazee hao waelezwe. Na huyo mwalimu aelezwe kwa barua, ibaki kwenye faili lake shuleni, maana yawezekana wapo watoto wengine aliowaadhibu kwa kosa hilohilo. Katika kila viziwi wa utotoni 100, inakadiriwa 3 hadi 6 wana Usher. Shule yoyote ya viziwi yenye wanafunzi mia mbili huenda ina kadhaa, na yeyote anayefundisha humo angepaswa kujua kuwa mtoto asiyeitika alama za pembeni huenda haoni pembeni.

Tundu hilo hupungua kwa miaka, si kwa usiku mmoja. Mwendo wake hutofautiana hata kati ya watoto wa tumbo moja. Wengi hubaki na kipande cha kuona katikati hadi miaka ya 40 au 50, wengine hata kupita hapo, na wengine hupoteza mapema zaidi. Mama anapolia njiani naona amemwona mwanawe gizani kesho asubuhi. Mwambie si hivyo.

Kutoka Tanga mna hospitali ya KCMC pale Moshi, au Muhimbili na CCBRT kule Dar es Salaam. Atawekewa dawa ya kupanua mboni, daktari aikague retina kama ina yale madoa meusi ya ugonjwa huu, kisha apimwe upana wa kuona. Kipo na kipimo cha umeme wa retina, pale palipo na mashine yake. Waulizeni pia kuhusu upungufu wa vitamini A, ambao nao huzuia kuona usiku na hutibika, waufute kwanza kwenye orodha. Na waangalie mambo mawili ambayo huwapata watu wenye retina hii na yana tiba: mtoto wa jicho, na maji kujaa katikati ya retina. Ndiyo sababu ya kurudi kliniki kila mwaka hata kama ugonjwa wenyewe hauna dawa.

Maana hauna, na yeyote atakayewaambia anayo mfungieni mlango. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kuingiza kinasaba kizima, yaani yale maagizo ya mwili tunayorithi kwa wazazi, ndani ya jicho, na habari zake bado zinazunguka kwenye simu, lakini ile ni ya kinasaba kingine, RPE65, ambacho hakihusiani na Usher. Watafiti wanaendelea. Wauzaji wa seli shina, zile wanazodai zitaotesha upya kilichokufa, nao wanaendelea, hao ni biashara. Vidonge vya vitamini A vya dozi kubwa viliwahi kupendekezwa kwa wagonjwa wa retina, asimeze bila daktari kusema, vikizidi vinaumiza ini. Na dawa ya mganga isirudi machoni. Dua someni, sina neno, lakini chochote cha kienyeji kinachodondoshewa jichoni kinaweza kuacha kidonda kwenye kioo cha jicho na kumpotezea hata kile kipande kizuri alichobaki nacho.

Haya, kiapo. Namheshimu mama yako na uchungu wake naujua. Hata hivyo kijana aambiwe, na aambiwe karibuni.

Mama anadhani anamkinga na habari. Habari anayo tayari, kwenye ule ukuta anaoupapasa kila jioni. Asichokuwa nacho ni maelezo, na mtu wa miaka 17 akikosa maelezo hujitungia yake. Huenda anaamini amerogwa. Huenda anadhani ni mzembe kama walivyomwambia shuleni, au kwamba kichwa chake kina kasoro na akisema mtamcheka. Ameacha msikiti ili asionekane anajikwaa mbele ya watu. Hiyo ndiyo raha ya macho ambayo mama anaitunza?

Halafu kuna la muda. Mambo atakayoyahitaji baadaye hufundishika kwa urahisi zaidi angali anaona. Kuna lugha ya alama mguso, ambapo msikilizaji huweka mikono yake juu ya mikono ya anayezungumza na kuzifuata alama kwa kuzigusa. Kwa kijana anayeijua lugha ya alama tangu utoto ni hatua moja tu mbele, na hata sasa ingemsaidia umeme unapokatika, badala ya kukatiwa mazungumzo pia. Kuna nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Kuna fimbo, ambayo kwa mtu asiyeona na asiyesikia huwa nyeupe yenye mistari myekundu ili wenye magari wajue kuwa honi haitasaidia. Hakuna kijana atakayekubali kujifunza nukta nundu wakati mnamwambia kinachomsumbua ni miwani.

Tena usijidanganye kuwa siri itakaa. Ukoo mzima unabishana ugonjwa umetoka kwa nani. Siku moja, pengine kwenye harusi yako mwenyewe, binamu atamgeukia na kumwonyesha kwa vidole viwili machoni. Utapenda ajue hivyo?

Kwako nina neno moja gumu. Alikuuliza daktari amesema nini, ukampa tafsiri ya uongo. Nimeelewa uliapishwa. Lakini wewe ndiye njia yake ya kuijua dunia ya wanaosikia, na siku atakapogundua atarudi nyuma kujiuliza mengine yote uliyowahi kumtafsiria. Kwa hiyo usimzunguke mama ukavunja kiapo kisirisiri. Kaa naye kwanza, na baba awepo, uwaambie kiapo hiki huwezi kukibeba, na kwamba ni bora wao wamwambie kuliko wewe. Wape mpaka mtakaporudi kutoka Moshi. Wakikataa hata hapo, mwambie wewe, na uwaarifu wazazi kabla. Anakaribia utu uzima, jicho ni lake.

Siku ya mazungumzo wewe usiwe mkalimani. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, watawaelekeza pa kumpata mkalimani wa lugha ya alama, ili wewe ukae ubavuni kwa mdogo wako kama dada, ulie ukitaka kulia. Mama na baba waseme kwa midomo yao, atafsiriwe maneno yao. Waulizeni hao CHAVITA, na shirika la Sense International ambalo hushughulika na viziwi wasioona hapa nchini, kama wanaweza kuwakutanisha na mtu mzima ambaye ni kiziwi asiyeona. Saa moja na mtu kama huyo itamfaa kuliko kurasa zangu hizi zote, na itamfaa mama zaidi.

Fanyeni mchana. Yeye alipe dirisha mgongo, ninyi mwanga uwapige usoni na mikononi. Msimkalie karibu sana, mkae umbali wa hatua mbili tatu hivi, kwani mtu akiwa mbali kidogo ndipo mikono yake yote inaingia ndani ya lile tundu. Alama ziwe ndogo, mbele ya kifua. Muanze kwa kumwuliza yeye: usiku unaona nini? Pembeni je? Tangu lini? Akishasema yake ndipo aambiwe kuwa kitu hicho kina jina, kwamba amezaliwa nacho, kwamba hakuna aliyemfanyia na yeye hakukosea, kwamba kitazidi polepole na hakuna anayeweza kumtajia mwaka. Msimuahidi tiba. Na la pikipiki lisemwe palepale, msilifiche kwa siku nyingine. Kati ya yote hilo ndilo huenda likamuuma kuliko jina la ugonjwa, kwa sababu pikipiki ameshaiota. Atakasirika. Anaweza kuwafumbia macho, na mtu anayezungumza kwa macho akiyafumba amewafungia mlango kabisa. Mwacheni. Lakini akianza kususa chakula siku nyingi au kuzungumzia kufa, asiachwe peke yake, na arudishwe hospitali mara moja.

Kazi zipo nyingi nje ya pikipiki. Wewe mwenyewe umesema anatunga uzi: je, ushonaji? Simu na kompyuta? Huko maandishi hukuzwa, na vipo vifaa vinavyoyageuza kuwa nukta nundu chini ya vidole. Mama akisema mtoto kama huyo hana maisha, mwonyesheni picha za Haben Girma, binti wa familia iliyotoka Eritrea, asiyesikia wala kuona vizuri, aliyehitimu sheria Harvard mwaka 2013. Simaanishi kijana wenu awe wakili wa Marekani. Nataka tu mama aone uso.

Nyumbani mabadiliko si ya gharama. Ndoo, mabenchi na viatu viwe na mahali pake, na asiyerudisha agombezwe yeye, si kijana. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe. Awe na tochi nzuri, ile ya kuvaa kichwani. Mkitaka kumwita, mguseni begani na mkono ukae hapo mpaka ageuke, asishtuliwe. Na jambo ambalo wanawake wa pwani hatulifikirii: khanga ya maua mengi ikiwa nyuma ya mikono, alama hupotea. Mkiongea naye valieni nguo ya rangi moja, inayotofautiana na ngozi yenu. Khanga zenu sikuwanyima, zivaeni mkienda kwa jirani.

Tuje kwenye lawama za ukoo. Kila mtu ana nakala mbili za kila kinasaba, moja ya baba na moja ya mama. Usher hutokea mtoto anapopata nakala mbovu kutoka pande zote mbili. Mwenye moja mbovu na moja nzima ni mzima, anasikia na anaona, na hajui kama anayo. Kwa hiyo baba anayo na mama anayo, hilo halina mjadala. Kwa alivyokuwa yule babu mdogo, inaelekea ilikuwa kwa wazazi wake, na kutoka kwao ikamfikia baba kupitia babu yako, na mama kupitia bibi yako mzaa mama, ambaye ndiye yule shangazi wa baba. Waambie ndugu wa baba, kwa adabu, kwamba wanayemtafuta yuko kwenye ukoo wao. Hata hivyo hakuna mwenye kosa. Kila mimba ya wazazi wako ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa, bila kujali waliotangulia walikuwaje.

Na wewe? Wewe unasikia na unaona, kwa hiyo huna nakala mbili mbovu, lakini uwezekano wa kuwa na moja ni theluthi mbili. Mtoto wa ami: baba anayo, ami anaweza kuwa nayo kwa nusu, na mchumba kwa nusu ya hiyo nusu, yaani robo. Ukizidisha zote, kwa kila mimba ni kama nafasi 1 kati ya 24. Ungeolewa na mtu asiye ndugu ingeshuka hadi 1 kati ya mamia kadhaa. Namba hizo ni za karatasi, na mtaalamu wa vinasaba akiuona ukoo wenu wote anaweza kuzirekebisha. Sikuambii uolewe wala usiolewe. Wengine wataona 1 kati ya 24 ni ndogo, wengine watakosa usingizi, na kila mmoja ana haki yake. Ninalolisisitiza ni kwamba mchumba ajue kabla ya ndoa, na ajue kutoka kwako. Dini imeruhusu kuoana watoto wa ndugu, haikulazimisha, na haikumzuia mtu kupima.

Kipimo chenyewe huanza kwa mgonjwa. Kwanza damu ya mdogo wako itafutwe kasoro iko kwenye kinasaba kipi, kwa kuwa vinavyoweza kuleta Usher ni vingi. Ikipatikana, kukupima wewe na mchumba kwa kasoro hiyo moja ni kazi nyepesi. Mchumba akikutwa hana, hofu yako karibu yote imekwisha. Ulizeni hospitali mtakayokwenda. Mara nyingi sampuli husafirishwa nje na bei si ya kila mtu, kwa hiyo ulizeni bei kabla hamjatoa damu, na ukoo unaochanga kwa ajili ya mganga uchange na hapa.

Umeniandikia mengi juu ya kijana, na kitinda mimba umemtaja mara mbili tu, kwa kupita. Yeye ndiye ninayemuwazia zaidi. Ni kiziwi kama kaka yake na alichelewa kutembea kama yeye, kwa hiyo kuna kila sababu ya kudhani wana jambo moja, na kwa umri wake macho huenda ndiyo kwanza yanaanza. Kwake mna nafasi ambayo kaka hakuipata, ya kujua mapema. Muhimbili walianza kupandikiza vifaa vya usikivu mwaka 2017. Vifaa hivyo hufaa zaidi vikiwekwa mapema sana, na kwa miaka 6 ya uziwi kamili faida hupungua, lakini ulizeni, madaktari wa masikio ndio wa kusema. Aanze lugha ya alama kwa bidii sasa, na safari hii baba, mama na hao wadogo zako wengine wawili wakae chini wajifunze pamoja naye, maana wewe unaolewa, na nyumba haiwezi kubaki bila mtu wa kuzungumza na watoto wake.

Barua ya rufaa muiombe hospitali ya mkoa wiki hii, na iandikwe majina ya wote wawili.